Siga ya Mama Mkwe

Phanuel Wepukhulu alikuwa mpishi, na si mpishi wa kuchemsha chai na kukaanga mayai halafu kujipa cheo, kama wale vijana wa hoteli za Kawangware ambao sukuma wiki yao ungeweza kusugulia sufuria. Huyu alimpikia Mgiriki mmoja wa Lavington, mjenzi wa barabara aliyeitwa Bwana Kostas, tangu uhuru ulipopatikana hadi mwaka wa sabini na sita. Katika miaka hiyo alijifunza kuoka kondoo kwa limau, kufunga mchele ndani ya majani ya mzabibu, na kunenepa shingo. Jioni akikaribia nyumbani, kabla hajabisha mlango, mtoto wake mkubwa Wakoli alikuwa ameshatangaza: "Leo ni vitunguu." Na kweli ni vitunguu.

Starehe yake ilikuwa moja tu, tena ya mara moja kwa mwaka. Kila Krismasi Bwana Kostas alimpa siga. Si sigara, sigara huvutwa na kila mtu, hata kondakta. Siga ni lile gogo la majani matupu yaliyoviringwa, jeusi kama mkate uliosahauliwa jikoni, nene kama kidole gumba cha seremala. Zilitoka kisiwani huko ng'ambo, zimelala kwenye sanduku la mbao lenye harufu ya penseli mpya, na Bwana Kostas alikuwa akizihesabu kama watu wengine wanavyohesabu ng'ombe.

Siku hiyo ya Krismasi, watu wa Kawangware wakirudi kanisani, walimkuta Phanuel nyuma ya nyumba amekaa juu ya kreti ya soda, amevaa tai. Tai ilikuwa ya siga, si ya Bwana Yesu. Kanisani alienda shingo wazi. Alikata kichwa cha siga kwa kisu cha matunda, kidogo tu, kama mtu anayekata kucha za mtoto. Kisha aliipasha moto upande wa pili bila kuigusisha kwenye mwali, akiigeuza polepole kama mahindi ya kuchoma ambayo mwenyewe hana haraka ya kuyauza. Hapo ndipo alipoitia mdomoni.

"Usimeze," alikuwa akiwaeleza majirani waliosimama kumtazama, ingawa hakuna aliyekuwa ameombwa kuonja. "Moshi wa siga ni mgeni wa heshima. Unamkaribisha sebuleni, anazunguka, anaangalia picha ukutani, halafu anatoka. Chumba cha kulala hafiki."

Mwanzoni ilimpiga kwa pilipili manga, ikapanda puani mpaka macho yakatoa maji. Alipofika katikati pilipili ilikaa chini, ikaja kahawa iliyokaangwa ikakaribia kuungua, ikaja ngozi ya kiatu ambacho hakijavaliwa, na harufu ya shamba tone la kwanza la mvua likianguka. Mwishoni kabisa, kwa mtu mwenye subira, ulikuja utamu mzito wa sukari nguru iliyoshika chini ya sufuria. Lakini alichokipenda Phanuel kuliko yote ni uzito wake. Sigara hupita mdomoni kama uvumi. Siga huingia ikakaa, na ulimi mzima unajua kuna mtu nyumbani.

"Nyumba inanuka kama boma la ng'ombe limeshika moto," mkewe Lenah alisema kila mwaka.

"Hiyo ndiyo sehemu ya katikati," Phanuel alimjibu kila mwaka.

Basi mwaka huo wa sabini na sita Bwana Kostas akauza nyumba, akawafuata watoto wake ng'ambo. Siku ya kuondoka alifungua lile sanduku, akalikuta na siga moja, akampa Phanuel. Nyumba ikanunuliwa na familia ambayo daktari wao alikuwa amewakataza kila kitu isipokuwa viazi vya kuchemsha, na Phanuel akabaki kuvichemsha. Phanuel alielewa kwamba hiyo ndiyo siga yake ya mwisho duniani. Akaiweka kwenye kopo la kakao pamoja na kipande cha kiazi kibichi ili isikauke, akabadilisha kiazi kila wiki, na akamwambia Lenah kwamba ataivuta siku atakayostaafu.

Hapo ndipo Mama Nafuna alipoletwa Nairobi.

Mama Nafuna ni mama yake Lenah, mkulima wa Kimilili, mwanamke ambaye hata kuku wake walitembea kwa adabu. Alishikwa na homa ya matumbo, akalazwa hospitali mpaka wasichana wake wawili wakaanza kuulizana kwa minong'ono nauli ya kusafirisha maiti. Lakini alipona. Daktari alisema ugonjwa umeisha, kilichobaki ni kula. Na hapo ndipo palipokwama, kwa sababu Mama Nafuna hakula. Alisema mdomo wake umekufa. Nyama ilikuwa kamba, ugali ulikuwa udongo, chai ilikuwa maji ya kuoshea miguu. Hata tumbaku aliyonunuliwa Soko la Toi aliitema. Akasema ni majani ya muhogo yaliyokaushwa na mwongo. Alizidi kukonda, na sasa alikuwa ameanza kuomba apandishwe basi arudishwe nyumbani. Mgonjwa mzee anayeomba kurudishwa nyumbani, kila mtu anajua anaomba nini.

Alikaa kwa binti yake mdogo Sella, huko Mashimoni. Kwa Phanuel hakuweza kukaa. Kwao, mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawakai chumba kimoja, hawapeani mikono, hawaonani wakila. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini akamwachia mwenzake njia. Kawangware Phanuel alikuwa na chumba kimoja na pazia, na hakukuwa na majani karibu.

Zaidi ya hayo, kulikuwa na aibu ya upishi. Mama Nafuna hakuwahi kukubali kwamba binti yake ameolewa na mwanamume anayeshika mwiko. Kijijini alikuwa amewaambia watu mkwe wake ni "mkubwa wa barabara", kwa kuwa Bwana Kostas alijenga barabara, na maneno hayo yote mawili yalikuwa kweli yakitenganishwa. Kwa hiyo kila Jumapili Phanuel alipika, akabeba sufuria kutoka Kawangware kwa miguu, akavuka Ngong Road, akateremka Mashimoni. Na kila Jumapili chakula kilirudi kama kilivyokwenda. Kuku wa kienyeji alirudi. Samaki alirudi. Mchuzi wa limau wa Bwana Kostas, ambao mabalozi waliwahi kuramba vidole kwa ajili yake, ulirudi na ujumbe: "Mwambie asante, nimeshiba."

Phanuel alifiwa na mama yake kabla hajajua kusema "mama". Hakuwahi kumweleza mtu, lakini alipomwoa Lenah, furaha yake moja ilikuwa kwamba sasa kuna mwanamke duniani ambaye yeye ana haki ya kumwita mama, hata kama ni kwa mbali, hata kama ni kupitia ukuta. Sasa huyo naye alikuwa anakwisha mbele ya macho yake, tena macho ambayo hayaruhusiwi kumwangalia.

Ijumaa moja usiku hakulala vizuri, na Jumamosi akili ya mpishi ikamjia. Mdomo uliokufa hauamshwi kwa kuubembeleza. Umeleta uji, umeleta supu, umeleta vitu laini vya wagonjwa. Hivyo ni kumwimbia mtu aliyelala fofofo. Mdomo huo unataka kupigwa ngoma masikioni.

Jumapili alipika mushenye, viazi vitamu vilivyopondwa na maharagwe, akafunga sufuria kwa kitambaa. Halafu akavaa tai, akachukua na lile kopo la kakao.

Nyumba ya Sella ilikuwa ya udongo, na nje ya ukuta wake, chini ya dirisha dogo lisilo na kioo, fundi wa viatu Jeconia Okello alikuwa ameweka meza yake. Jeconia hakufunga kazi Jumapili. Alisema hata wanaokwenda mbinguni wanahitaji soli. Phanuel alikaa kwenye kigoda cha wateja, akaupa ukuta mgongo. Upande wa pili wa ukuta huo huo kilikuwa kitanda, na juu ya kitanda Mama Nafuna alikuwa ameegemea vilevile. Kati ya migongo yao kulikuwa na udongo wa unene wa kiganja. Lenah alisimama mlangoni ili kupeleka maneno.

"Mwambie mama habari ya Jumapili," Phanuel alisema.

"Mama, Baba Wakoli anakusalimia."

"Nimesikia, mimi si kiziwi," sauti ndani ilisema. "Mwambie nzuri."

"Anasema nzuri."

"Nimesikia," alisema Phanuel.

Jeconia alitoa misumari mdomoni. "Posta wakijua mna laini ya simu hapa, omera, watawaletea bili."

"Mwambie nimeleta mushenye."

"Mwambie nimeshiba."

"Umeshiba nini, mama?" Hiyo ilikuwa sauti ya Sella, imechoka. "Tangu jana ni maji ya mchele tu."

"Nimeshiba maji ya mchele."

Phanuel aliweka sufuria chini. Akafungua kopo, akatoa siga, akaipitisha chini ya pua yake mara moja. Lenah alipoiona alisahau kazi yake ya simu.

"Baba Wakoli. Hiyo si ile?"

"Ni hiyo."

"Ulisema ni ya kustaafu."

"Nimestaafu leo. Kesho nitaandikwa tena. Mwambie mama nimeleta tumbaku."

Ndani kitanda kililia. Ilikuwa sauti ya mtu anayegeuza shingo.

"Mwambie ya wapi."

"Si ya Toi. Inatoka kisiwani, mbali."

"Kisiwa gani?"

"Kama ni Rusinga, kisiwa cha kwetu, nisingekosa kuijua," Jeconia alisema.

Mama Nafuna alifikiri kwa sauti, na mtaa wote ukamsikia akijitetea mbele ya mahakama ya kwao. "Mkwe hapikii mama wa mkewe. Hiyo ni aibu, hata mbwa wangecheka. Lakini tumbaku haipikwi. Tumbaku si chakula." Akamaliza kesi. "Mwambie alete."

"Ngoja kwanza iwashwe vizuri," alisema Phanuel. Aliazima kisu cha ngozi cha Jeconia, akakifuta kwenye suruali ya kanisani, akakata kichwa cha siga. Aliipasha moto taratibu, kijiti cha kiberiti baada ya kijiti, mpaka ncha yake yote ikawa nyekundu sawasawa. Akavuta. Pilipili manga ikampanda puani, na machozi yakaja, na ni siga tu iliyolaumiwa kwa machozi hayo. Alivuta sehemu ya kwanza yote bila haraka, kwa sababu mwanzo wa siga ni mkali na hakutaka mgonjwa aanzie hapo. Moshi ulipita juu ya meza ya viatu, mzito, wa buluu, ukaingia dirishani wenyewe bila kutumwa.

"Sasa ananisikia?" aliuliza.

"Puani," Mama Nafuna alisema.

"Mwambie asimeze moshi. Asivute haraka. Na kwanza ale kidogo, maana hii kitu ikikuta tumbo tupu huangusha wanaume."

"Mwambie mimi nimezaa bila sindano. Alete."

Phanuel aliiangalia siga. Akampa Lenah, na Lenah akaipeleka ndani ameishika mbali na mwili kama panya aliyekufa.

Phanuel alingoja. Alisikiliza ile pumzi ndefu ya kuvuta, akatazama dirishani kuona moshi ukitoka. Hakukutoka kitu. Akangoja tena.

"Imezima?" aliuliza.

Lenah alichungulia ndani. "Haijazima. Ameiweka mdomoni."

"Mbona hakuna moshi?"

"Si ameiweka vile huvuta. Moto ndani."

"Moto ndani ya nini?"

"Ndani ya mdomo, Baba Wakoli. Wewe hukujua? Miaka hii yote?"

"Ningejulia wapi, na sijawahi kuruhusiwa kumwangalia?"

Jeconia aliacha kucheka muda wa kutosha kumweleza. Ndivyo wanawake wazee wa huko wanavyovuta, alisema, kwao ziwani na kwa Waluhya pia: upande wa moto ndani, upande baridi nje kati ya midomo. Upepo hauzimi, mvua haizimi, mikono yote miwili iko huru kulima. Mama yake mwenyewe alipalilia shamba zima hivyo, na kama hujui ungedhani mama ametafuna kijiti anafikiria kodi.

Phanuel alishika kichwa. Siga iliyomfanya Bwana Kostas akae kitini wakati wa kuvuta, mama mkwe alikuwa ameitia mdomoni kichwa chini, kama popo.

Halafu sauti ya Mama Nafuna ikaja, nzito, ya mtu anayesema na gogo mdomoni. "Mwambie hii ni tumbaku."

Lenah akageuka ili aseme, lakini Phanuel alikuwa ameshasikia, na uso wake ulikuwa umefunguka wote.

"Mwulize anasikia nini."

"Kahawa," alisema mama mkwe, na hakumngoja Lenah. "Kahawa ya wale wa misheni, waliokuwa wakiiunguza."

"Na ngozi? Ngozi mpya ya kiatu?"

"Ngozi gani. Hilo ni banda la ng'ombe asubuhi, kabla halijafagiwa. Banda safi, lakini."

"Mke wangu husema hivyo hivyo."

"Basi nilimlea vizuri." Alivuta tena. "Halafu kuna asali. Si ya kununua. Ya porini, imeungua pamoja na sega."

Phanuel alifunga macho, akaitafuta asali hiyo kwenye ulimi wake, mahali alipokuwa akiweka sukari nguru kila Krismasi. Akaikuta. Ilikuwa na sega lake, nta na yote.

"Kweli," alisema. "Ni asali."

Lenah alikuwa amesimama mlangoni akiangalia kushoto na kulia, simu isiyotumika. Hakuna aliyekuwa akisema "mwambie" tena. Jeconia aliona jambo hilo, akainamia kiatu kwa adabu ambayo hakuwahi kumwonyesha mteja yeyote.

"Mama," Phanuel alisema, "sasa itoe kidogo, upumzike. Hiyo sehemu ina nguvu."

Hakujibiwa.

"Mama?"

"Mama," Sella aliita ndani. Kisha kwa sauti nyingine, "Mama. Lenah, njoo, macho yake yamegeuka. Ametoka jasho baridi. Phanuel, umempa nini mama? Umemuua."

Phanuel alisimama, kigoda kikaanguka. Mlango ulikuwa pale pale, wazi, na alikuwa mtu mzima mwenye miguu miwili. Lakini miguu hiyo ilizaliwa kwao, na haikwenda. Aliweka kiganja kwenye ukuta, kama vile udongo ungeweza kumwambia mapigo ya moyo. Jambo lenyewe alilifahamu. Krismasi yake ya kwanza alivuta akiwa amefunga kula kwa ajili ya ibada, akaanguka katikati ya sukuma wiki ya Bwana Kostas, na mama wa nyumba akamwinua kwa maji ya sukari.

"Hajafa," alisema kwa nguvu dirishani. "Ni tumbo tupu. Toeni siga. Mpeni kitu kitamu, sukari."

"Sukari imeisha," Sella alijibu akilia.

"Basi mushenye. Viazi ni vitamu. Mpeni hiyo."

"Hatakubali."

"Mpeni kabla hajapata nafasi ya kukataa."

Lenah alinyakua sufuria, akaingia. Phanuel alibaki ameegemeza paji la uso ukutani. Alisikia kitambaa kikifunguliwa. Alisikia Sella akisema, "Fungua mdomo, mama, kidogo tu," kama anayelisha mtoto. Kisha kijiko kikagusa bati la sahani. Baada ya muda kikagusa tena. Jeconia alishikilia nyundo hewani, akasahau kuishusha. Kijiko kiliendelea, polepole, halafu si polepole sana, na mtu mwenye sikio la jikoni angeweza kujua ni wakati gani kijiko kilitoka mkono wa Sella kikaingia mkono mwingine.

"Nani amepika hii?" Mama Nafuna aliuliza. Sauti ilikuwa dhaifu, lakini ilikuwa yake.

Lenah alitoka mpaka mlangoni, akamtazama mumewe. Mdomo wake ulikuwa umeshaanza kutengeneza neno "mimi". Uongo mdogo, wa kusaidia. Kila Jumapili chakula kingeingia kwa jina la Lenah, mama angekula, angenenepa, angerudi Kimilili akiwa mzima na mkwe wake akiwa bado mkubwa wa barabara. Phanuel alilipima hilo. Lilikuwa jambo la busara. Lakini yule mwanamke alikuwa amemwambia ukweli kuhusu asali, na yeye alikuwa amechoka kuwa barabara.

"Ni mimi, mama," alisema kupitia dirishani. "Nimepika kwa mikono yangu. Ndiyo kazi yangu."

Kijiko kilisimama.

Watu wa Mashimoni walipita na madebe ya maji. Redio ya jirani ilisoma matangazo ya vifo. Phanuel alitazama ncha za viatu vyake, akangoja kusikia sahani ikisukumwa.

"Lenah," Mama Nafuna alisema mwishowe, akirudi kwenye adabu za kwao. "Mwambie imekosa chumvi."

Lenah alifungua mdomo. "Anasema imekosa..."

"Nimesikia," alisema Phanuel.

Mabalozi walikuwa wamemsifu. Bwana Kostas alikuwa amembusu mashavuni, jambo lililomchukua mwezi kulisahau. Lakini hakuna maneno yaliyowahi kumwingia kama hayo, maana mdomo uliokufa hauwezi kujua kama chumvi iko au haiko. Aliinua kigoda cha Jeconia, akakiweka mahali pake, akajipangusa uso kwa tai ya siga.

"Sasa unaenda wapi?" Jeconia alimwuliza.

"Kununua chumvi."

"Mtu mzima umetukanwa chakula chako, halafu unacheka?"

Phanuel alikuwa ameshakaribia kioski cha kona, mwanamume wa shingo nene akikimbia na viatu vya Jumapili kwenye vichochoro vya Mashimoni, na nyuma yake, juu ya kelele zote, kijiko kilikuwa kimeanza tena.